Saa Nne ya Nasirumbi

Miaka thelathini na minne nilibeba mizigo ya watu wengine mlimani. Kila mgeni nilijua atalala wapi, atakula nini, atageuka saa ngapi. Mke wangu aliniomba safari moja, ya siku moja, na hiyo sikuipanga. Aliipanga mwenyewe, akanificha.

Jina lake ni Nasirumbi. Nasema ni, sisemi lilikuwa.

Mimi ni Mwangangi. Nyumba yetu iko Naro Moru, upande wa juu wa barabara. Nilikuja hapa kijana kutoka Mwingi kutafuta kazi ya kubeba, nikabaki. Shule sikwenda. Kusoma nilifundishwa na yeye, jikoni, kwa karatasi za dobi. Alifua nguo katika hoteli ya wageni, na kila mfuko wa nguo chafu ulikuja na karatasi yake. Maneno yangu ya kwanza kuyasoma ni shuka, foronya, taulo. Nilikuwa na miaka arobaini na mbili. Nikikosea hakusema kitu. Aligonga meza kwa kidole mpaka nirudie. Haya ninayoandika angeyagongea meza mara nyingi.

Alizaliwa katika kambi ya polisi, pwani, mahali panapoitwa Mwandaro, kabla hujafika Kilifi. Baba yake alikuwa konstebo, Mbukusu wa Bungoma, kazi ikampeleka huko. Mama yake alikufa Nasirumbi akiwa na miaka kumi na miwili. Bungoma ni mbali na siku hizo hapakuwa na gari la kumrudisha. Wakamzika huko huko, ng'ambo ya mkono wa bahari, mahali wenyeji walipowakatia. Wiki ya tatu barua ya uhamisho ikaja. Konstebo aende Nyeri. Wakapandisha sufuria na godoro kwenye lori la serikali, na mtoto akapandishwa juu ya godoro.

Hakurudi tena kwa kaburi la mama yake. Hakurudi akiwa msichana. Hakurudi akiwa mke wangu.

Baridi ya hapa hakuizoea. Alivaa sweta mbili, Januari mpaka Desemba, miaka hamsini. Wanawake wa soko walimwita Mama Sweta. Yeye aliwajibu, "Nyinyi mlizaliwa ndani ya friji, mtajua nini."

Kila mwaka mvua za Machi zikikaribia na wageni wakipungua, aliniuliza.

"Baba Shirleen, tutaenda?"

"Msimu ujao."

Basi, hayo tu. Hakugombana. Angegombana leo ningekuwa na kitu cha kujitetea.

Alikufa Julai. Mapafu. Siku nne tu kitandani, na sweta mbili.

Shirleen ni mtoto wetu wa pekee. Anafanya kazi katika meli ya watalii, kule chini kunakofuliwa nguo. Mama yake alifua nguo za wageni chini ya mlima, yeye anazifua juu ya maji. Mama alipokufa meli ilikuwa katikati ya bahari, siku sita kabla ya kufika nchi kavu. Alinieleza kwa simu. Nilisikia. Sikukubali. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Tulizika bila yeye, na watu wakaangalia pale mahali pake pa kusimama.

Wiki tatu baada ya mazishi alikuja Waithira. Huyu anakaa Gatitu, walifua pamoja na Nasirumbi miaka ishirini. Hakuketi. Alisimama mlangoni akatoa daftari ndani ya kiondo.

"Hii ni yake. Alisema nikae nayo."

"Kwa nini ikae kwako?"

"Hakutaka uione mapema."

"Aliniogopa?"

"Wewe? Nani atakuogopa wewe." Alinitazama. "Aliogopa ile maneno yako. Msimu ujao, msimu ujao. Alisema utajua wakati viatu vyako vimeshapigwa rangi na gari iko kwa mlango."

Nilimwambia aende. Nilimwambia vibaya. Aliweka daftari juu ya meza, akafunga mlango polepole, kama mtu anayemfungia mgonjwa.

Daftari lilikuwa la shule, la mistari. Shirleen alikuwa amemwambia mama yake, miaka miwili mapema, kwamba meli hiyo ingetia nanga Mombasa tarehe tatu Februari. Meli hizo hupangiwa tarehe mbele sana. Basi kwa miaka miwili mke wangu aliuliza watu. Aliuliza madereva wa malori pale stendi. Aliuliza mwalimu mmoja aliyekuwa amefundisha Kilifi. Aliuliza mganga mkuu wa zahanati kwa sababu mke wake anatoka Malindi. Kila jibu aliliandika, na jina la aliyejibu kando yake. Mimi nilikuwa naketi chumba cha pili nikipaka viatu vya mlima mafuta.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa hivi:

*Watu watatu. Baba Shirleen, Shirleen, mimi.*
*Saa moja na robo, geti la bandari.*
*Saa tatu, Mwandaro. Ngojeni.*
*Saa nne, vukeni.*
*Saa saba na nusu Shirleen awe getini. Meli haingoji.*
*Chapati sita. Maji. Kopo la udongo wa Mama.*

Na chini, kwa kalamu nyingine: *Uwekwe juu yangu nikienda.*

Nilisoma mstari huo mara nyingi kuliko yote niliyowahi kusoma. Alitaka udongo wa kaburi la mama yake. Alijua atatangulia, akanipangia kazi. Na kaburi lake lilikuwa pale nje, halina hata ua, wiki tatu, na mimi sikujua kuna kitu kinachodaiwa hapo juu.

Nilisema nitakwenda. Hasira ndiyo iliyosema.

Kwanza nilikwenda Nyeri mjini kwa Mwai. Huyu ni mtoto wa Gicheru, tuliyebeba naye mizigo. Baba alibeba, mtoto ana ofisi ya safari ghorofa ya pili na kiti kinachozunguka. Nilimweleza. Meli, saa sita za ruhusa, kijiji, kaburi. Alisikiliza akizunguka.

"Mzee Mwangangi, hiyo yako ni shida bure. Niko na kifurushi. Februari hiyo hiyo tunapeleka wazee wa kanisa. Basi nzuri, mnaona meli, mnapiga picha, halafu kijiji cha utamaduni. Ngoma, nazi, kila kitu."

"Kijiji gani?"

"Cha utamaduni. Kiko hapo tu karibu. Watu wa meli pia huletwa hapo."

"Kina tikiti?"

"Kiko na tikiti, ndiyo, na chakula ndani."

"Waliokufa wamezikwa humo?"

Kiti kikaacha kuzunguka. "Mzee, pole. Sikumaanisha hivyo. Lakini kwenda peke yako na huyo msichana, mkichelewa? Meli inamwacha. Mambo ya meli si kama mlima."

"Baba yako alikufundisha nini juu ya kuchelewa?"

Baba yake alimfundisha. Sisi sote tulifundishwa kitu kimoja, saa ya kugeuka. Kabla hujaondoka kambini unataja saa. Ikifika, popote ulipo, unageuka. Hata kilele ukikiona. Niliwahi kumgeuza mzungu amebakiza dakika arobaini afike kilele cha Lenana. Alilia, akanitukana kwa lugha yake mpaka kambini. Asubuhi yake theluji ilishuka mpaka magotini, akaja kunishika mkono. Wawili niliona wakibishana na saa hiyo. Wote wawili tuliwashusha kwa machela.

Nikatoka kwa Mwai bila kuaga. Pale ngazini nilisikia akimwambia msichana wa ofisi, "Wazee wa mlima ni hivyo tu."

Jioni nilimpigia Shirleen. Meli ilikuwa bandari fulani, sauti yake ilikuwa karibu kama ya jirani.

"Nimepata daftari la mama yako."

"Najua. Waithira aliniambia."

Wote walijua. "Tutakwenda Mwandaro."

"Baba, hebu sikiza. Kampuni iko na basi. Wanatupeleka kijiji, saa sita tumerudi. Hiyo basi yao ikichelewa meli inangoja. Lakini mtu akienda kivyake akachelewa, anaachwa. Na kazi imeisha. Wewe kuja tu hapo getini, tukule pamoja, tuongee."

"Tuongee nini?"

Nilimsikia akifunga mlango.

"Mama yako aliandika watu watatu," nikasema. "Mmoja hayuko. Ukikosa na wewe, tutabaki wangapi?"

"Ati mimi ndiye nilikosa." Sauti yake ilibadilika. "Na wewe, Baba? Hiyo miaka yote alikuwa anauliza, ulikuwa wapi?"

Nilikata simu. Niliketi nayo mkononi. Mahindi yalikuwa motoni, yakaungua.

Siku tatu baadaye ujumbe ukaja: *Nitakuwa getini saa moja na robo.* Hakuna neno lingine. Nikasema, vizuri. Safari haitaki maneno.

Nikaanza kuipanga upya, kwa njia yangu. Kwenda, kwa barabara, ni mwendo wa saa moja na dakika arobaini na tano. Sisi tukipanga mlima, njia tusiyoijua tunaipa mara mbili wakati wa kurudi. Mara mbili ni mwendo wa saa tatu na nusu. Toa hiyo kwa saa saba na nusu, unabaki na saa nne asubuhi. Nikaandika kwa penseli pembeni mwa ukurasa wa Nasirumbi: *Saa nne, geuka.*

Na lile neno lake, ngojeni, nikalikata. Mstari mmoja. Nilisema, huyu alikuwa anafikiria kupumzika, kula chapati. Mwenye safari fupi hangoji. Ukifika vuka, chukua ulichofuata, rudi.

Gari nilipata kwa Diriye, muuza mbuzi wa Nanyuki. Malori yake huteremka mpaka Mombasa, na mpwa wake Abdiwahid anaendesha gari dogo la Probox huko. Nilimkuta sokoni, kando ya zizi, fimbo shingoni. Alimfahamu Nasirumbi. Jina lake lilikuwa ndani ya daftari mara tatu.

"Abdiwahid atakungoja," alisema. "Yule mama aliniuliza kila kitu. Hata aliniuliza lami imeishia wapi. Mungu amrehemu." Halafu akasema, "Na maji, Mzee? Hapo pa kuvuka, umeuliza mtu?"

"Nimevuka mito ya mlima hujazaliwa. Maji huvukwa mapema."

Na hiyo ni kweli. Usiku baridi hushika theluji juu, asubuhi mto ni mdogo, unaruka jiwe kwa jiwe. Ukingoja, jua na mvua ya alasiri zinashuka pamoja, na mto ule ule unabeba ng'ombe. Kila mbebaji anajua. Alfajiri, vuka.

Diriye alikuna kidevu. "Mimi ni mtu wa ngamia. Sijui. Lakini bahari haitoki mlimani."

"Maji ni maji."

"Haya, Mzee," akasema, akamgeukia mnunuzi wa mbuzi. Niliona anacheka na mabega.

Tarehe tatu Februari, saa moja na robo, nilikuwa kwenye geti la bandari Mombasa nimevaa koti la mlima. Mtu mmoja aliniuliza kama naumwa. Meli ilionekana juu ya paa za maghala, nyeupe, kama hoteli iliyopotea njia.

Shirleen alitoka na viatu vyeupe vya kazi. Amekonda. Amekata nywele zote.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

Hatukukumbatiana. Nilimwonyesha gari. Abdiwahid alimsalimu, akatutazama sisi wawili kwenye kioo, akaamua kutufungulia redio. Nikamwambia azime.

Njiani Shirleen alitazama saa yake pale Nyali, akatazama tena Mtwapa, akatazama tena baada ya Mtwapa. Mimi sikutazama. Saa ilikuwa kichwani. Tuliacha lami, tukashuka njia ya mchanga kati ya kuta za watu wenye nafasi. Saa tatu kasoro dakika tano njia ikaisha.

Ikaishia majini.

Maji yalijaa kutoka mikoko ya huku mpaka mikoko ya kule. Upana wa uwanja wa mpira. Hayakuwa na sauti. Mto wa mlima ukikataa unakuambia, unanguruma. Haya yalinyamaza tu. Nilichukua mti mrefu nikapima hatua tatu kutoka ukingoni. Mti ukazama mpaka mkononi mwangu.

Kando ya njia kulikuwa na mama mmoja anasuka makuti, miguu imenyooka mbele. Alitusalimia kabla hatujamsalimu.

"Karibuni. Mwatafuta nani?"

Shirleen ndiye aliyemjibu. Kaburi la mke wa polisi, zamani sana, ng'ambo.

"Lipo. Marehemu mamangu alikuwa akilifagia. Walikuwa marafiki." Aliendelea kusuka. "Nawe wamfanana yule mtoto wao, jinsi mamangu alivyokuwa akimsema. Mwenye kipaji cha uso kirefu. Ngojani basi. Maji yatoka."

"Yatatoka saa ngapi?" nikauliza.

"Kwa mwezi huu? Mwezi ni mpevu. Saa nne mwavuka, kina cha paja. Saa tano mwatembea."

Nilifungua daftari. *Saa tatu, Mwandaro. Ngojeni.* Na ule mstari wangu wa penseli katikati ya neno. Alijua. Alikuwa na miaka kumi na miwili alipoondoka, na miaka hamsini baadaye, ndani ya sweta mbili, bado alijua maji ya kwao yanatoka saa ngapi mwezi ukiwa mpevu. Akaandika. Na mimi nikamkata.

"Ni nini?" Shirleen akauliza.

Nikampa daftari. Alisoma mstari wa mama yake, akasoma wangu. Akanirudishia. Afadhali angesema kitu.

Tuliketi juu ya gogo la mnazi. Saa nzima. Sijawahi kukaa hivyo katika safari. Maji yalianza kushuka, lakini si kwa haraka ya mtu. Jiwe lilitokea, likakaa peke yake muda mrefu, halafu la pili.

"Siku ya mazishi," Shirleen alisema akitazama maji, "nilikunja taulo kutoka asubuhi. Msimamizi aliniambia nipumzike, nikakataa. Nilizikunja vile Mama alinifunza, pembe ndani."

Nilitaka kumwambia kitu. Hasira ilikuwa imekaa mlangoni, haikutaka kupisha.

"Chapati ziko?" akauliza.

"Sita."

Alikula moja. "Umechoma."

"Mama yako hakuandika jinsi ya kupika."

Alicheka kidogo, kwa pua, kama mama yake. Nikatazama upande mwingine.

Saa nne ikafika. Maji yalikuwa katikati ya paja la mama wa makuti, alikuwa ameingia kutuonyesha njia, leso ameifunga juu. Nikasimama.

"Tunageuka."

"Tunavuka," Shirleen akasema. Alikuwa ameshavua viatu.

"Saa ni nne. Barabara hii siijui, na msongamano wa Mtwapa umeuona. Nimesema saa nne tunageuka."

"Wewe umesema. Yeye ameandika vukeni. Kati yenu nani alizaliwa hapa?"

"Na ukiachwa na meli? Si wewe ulikuwa unalilia kazi?"

"Nikiachwa nitaachwa." Hakupaza sauti. "Baba, ile siku ingine nilingoja ruhusa. Nilisimama kwa ofisi yao na barua mkononi, wakasema hakuna njia, nikarudi kukunja taulo. Leo sigeuki. Ukitaka geuka peke yako, uwaambie nyumbani umefika."

Nimegeuza watu wakubwa. Nimegeuza daktari, nimegeuza kanali mmoja na bendera yake. Huyu alikuwa amesimama na viatu vyeupe mkononi, kipaji kirefu, na mimi nilikuwa na hasira na saa, na penseli, na meli, na kila kilele nilichowahi kumfikisha mtu asiye wangu.

"Kopo liko ndani ya begi," nikasema.

Nikaketi tena nikavua buti. Ilichukua muda, kamba zilikuwa ndefu.

Chini kulikuwa na tope linalovuta. Hatua ya kumi magoti yangu yalikataa, nikainama upande. Shirleen alinishika mkono juu ya kiwiko, vile tunavyowashika wageni.

"Niachie."

Hakuniachia.

Kaburi lilikuwa chini ya mkwaju, jiwe la matumbawe limelala, halina jina. Pamefagiwa. Mama wa makuti alisema mamake alipokufa yeye aliendelea tu, kwa sababu ufagio ulikuwa umezoea. Shirleen alipiga magoti akachimba kwa kijiko kilichokuwa ndani ya kopo. Alikuwa anaongea chini chini. Hakuwa anaongea na mimi. Mimi nilisimama, kofia mkononi. Nilikuwa na kitu cha kumwambia yule mama aliyelala hapo kuhusu mtoto wake na miaka hamsini. Sikukisema. Alikuwa ameshakijua.

Tulipogusa ukingo wa huku ilikuwa saa nne na dakika hamsini. Abdiwahid alikuwa amewasha gari zamani. Mama wa makuti alikataa chapati mbili, akachukua moja.

Mtwapa trela ilikuwa imelala kando ya barabara na magari yamesimama nyuma yake kama ng'ombe kwenye birika. Saa sita. Saa sita na nusu. Shirleen hakutazama saa hata mara moja. Alikuwa amepakata kopo. Mimi ndiye nilitazama. Nilimwambia Abdiwahid maneno mabaya juu ya gari lake, akanijibu, "Mzee, ungeniambia mapema unataka ndege." Kuna mtu alimpungia mkono, Abdiwahid akapita njia ya nyuma ya maduka, kuku wakatukimbia.

Saa saba na dakika ishirini na mbili tulikuwa getini. Zilibaki dakika nane. Shirleen alinipa kopo, akakimbia. Miguu ilikuwa bado ina tope jeupe mpaka magotini, viatu mkononi. Askari wa geti alishika karatasi yake akaitazama miguu hiyo. Kisha akampisha.

Ndani ya geti Shirleen aligeuka.

"Baba. Usiweke huo udongo mpaka nipige simu."

"Utapiga lini?"

"Tukifika nchi kavu. Ngoja."

Nilirudi Naro Moru na kopo ndani ya koti. Liliketi juu ya meza ya jikoni. Watu walikuja. Waithira alikuja kutoka Gatitu, nikamkaribisha aketi, akaketi. Mwai alipita na gari la wageni, akashuka kuuliza kama msichana aliwahi meli. Nikamwambia aliwahi. Akasema, "Ulimgeuza saa ngapi?" Nikamwambia hiyo si kazi yake.

"Sasa unangoja nini na huu udongo?" Waithira aliuliza siku ya tano.

"Simu."

"Wewe? Unangoja?"

Alinywa chai yake akaniacha.

Simu ililia siku ya tisa, asubuhi, nikiwa nakata nyasi za ng'ombe. Nilichukua kopo nikaenda nyuma ya nyumba, kaburini. Nikaiweka simu chini kando ya msalaba, sauti imefunguliwa. Nikamwaga. Udongo wa kule ni mweupe, una vipande vya kombe za baharini. Wa kwetu ni mweusi. Ulikaa juu kama unga uliomwagika, haukutaka kuchanganyika.

"Umeweka?" Shirleen akauliza kutoka chini.

"Nimeweka."

"Wote?"

"Wote."

Tulikaa hapo, yeye na mimi, simu ikila pesa zake. Kisha akasema shifti imeanza.

Siwezi kusema hasira imeisha. Iko. Asubuhi nikiamka iko kitandani upande wake, na sweta mbili ziko msumarini. Na sasa kuna hawa kuku wa jirani. Wamegundua vile vipande vya kombe, wanapita chini ya uzio kuja kudonoa kaburi la mke wangu. Nimemwambia jirani. Amesema kuku hawasomi. Nikawafukuza kwa fimbo yangu ya mlima, wakaenda mpaka barabarani.

Kesho watarudi, mapema kama kawaida yao. Nimepeleka kiti huko nyuma. Watanikuta nimeketi.